Miki Biasion, Muitalia Aliyeishinda Safari Rally

Katika madereva wote wa Italia, ninayemheshimu zaidi ni Miki Biasion, mzaliwa wa Bassano del Grappa mwaka 1958, ambaye ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya dunia ya rali aliupata Argentina mwaka 1986. Hata hivyo, kwangu mimi kipimo chake halisi kilikuwa Kenya. Lancia, kampuni ya magari ya Italia, ilikuwa imeshiriki Safari Rally kwa miaka mingi bila kushinda, kwa kuwa vumbi, matope, mawe na umbali wa maelfu ya kilomita viliyavunja magari yaliyotamba kwenye barabara za Ulaya. Ndipo Pasaka ya mwaka 1988 Biasion, akiwa na mwelekezi wake Carlo Cassina, akaliendesha gari la Lancia, Delta Integrale, hadi ushindi. Mwaka uliofuata alirudi na kushinda tena, safari hii akiwa na Tiziano Siviero. Katika miaka hiyo miwili alitwaa pia ubingwa wa dunia. Baadaye alihamia Ford, akashinda rali ya Acropolis nchini Ugiriki mwaka 1993, ushindi wake wa 17 na wa mwisho katika mashindano hayo.