Lalamiko la Ghorofani Lisilo na Mwenyewe

Kila yanapozungumzwa matatizo ya maghorofa ya umma hapa Dar es Salaam, yaani yale ambayo shirika au wakala wa serikali huyapangisha kwa wananchi, mazungumzo huishia haraka kwenye adhabu: wapigaji muziki watozwe faini, vijana wa kwenye ngazi wakamatwe, wapangaji sugu watolewe. Ninaishi katika mojawapo ya maghorofa hayo na nimo katika kamati ya wakazi, na kadiri ninavyoyasikiliza malalamiko ya majirani ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sheria na adhabu tunazo za kutosha. Tunachokosa ni mtu mmoja ambaye lalamiko likishamfikia hana mwingine wa kumsukumia.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu kero zenyewe, kwa sababu si zote za namna moja. Sehemu kubwa ya yanayoletwa kwetu ni mazoea ya nyumba za chini yaliyopandishwa ghorofani. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye ua hajawahi kuwa na sababu ya kujiuliza kinu chake kinasikika wapi anapotwanga kisamvu saa tatu usiku, wala maji aliyofulia yanaangukia nguo za nani anapoyamwaga. Uani maji huzama mchangani. Kwenye veranda ya ghorofa ya tatu humwangukia jirani, na jirani huyo, kwa kuwa ameshalowa, huamini kwamba amefanyiwa makusudi. Ugomvi mrefu kuliko yote niliowahi kuushuhudia katika jengo letu ulianza kwa maji ya kudekia.

Ukitaka kuona ukubwa wa badiliko hilo, fikiria Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za chini za enzi ya ukoloni ziliondolewa ili eneo lijengwe upya, zikangoja kwa miaka, na baada ya Wakala wa Majengo kukamilisha mradi huo Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua maghorofa mapya mwezi Machi 2022. Wazee waliozoea kutoka mlangoni na kukanyaga ardhi walijikuta wakigawana na wenzao ngazi, lifti, mabomba na kuta. Jengo linaweza kukabidhiwa kwa siku moja, ila desturi ya kuishi juu ya kichwa cha mwenzako hujengeka polepole, na sijui ni mradi gani wa nyumba unaotenga fungu la fedha kwa ajili ya kuwafundisha wakazi jambo hilo kama unavyotenga fungu la rangi na vigae.

Zipo pia kero za kutafuta riziki, kama mama anayekaanga vitumbua kwa mkaa kwenye korido au fundi anayetengeneza bodaboda chini ya ngazi. Mimi hawa siwahesabu miongoni mwa wakorofi, kwa sababu mara nyingi wakipatiwa kibanda au pembe ya uwanja huhama bila maneno. Wanaobaki ndio wachache wenye kusudi: anayegeuzia sabufa yake dirishani baada ya kuombwa apunguze sauti, kundi linalovuta bangi kwenye ngazi na kuwatolea wasichana maneno machafu wanapopita, mpangaji anayemtishia mlinzi. Kuwatendea watu wa makundi haya matatu kwa kipimo kimoja ni kuwaonea wengi bila kuwagusa wale wachache.

Sheria, kama nilivyosema, zipo. Kanuni za Adhabu zinalitambua kosa la kuwasababishia watu kero. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa kanuni za kelele na mitetemo mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limewahi kuzifungia baa kwa sababu hiyo. Mabaraza ya kata, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, yana kazi ya kusuluhisha. Mkataba wa upangaji nao, kwa kawaida, una kifungu kinachokataza kuwasumbua majirani.

Sasa mfuate mkazi ambaye hajalala kwa sababu ya muziki. Akimpigia mwenye nyumba, ataambiwa kwamba kelele ni suala la serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa atamwambia kwamba jengo lina mwenyewe, basi aende huko. Polisi watamuuliza kama kuna aliyeumizwa. Anarudi nyumbani muziki ungali unapiga, na safari nyingine hataondoka kabisa. Ukimya huo ndio unaoonekana ofisini kama amani, kwa maana jengo ambalo watu wake wameshakata tamaa halileti malalamiko.

Zamani palikuwa na mtu wa kuanzia. Mfumo wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulimpa kila mkazi balozi aliyejulikana kwa jina na kwa mlango, ambaye alisuluhisha ugomvi wa maji na wa watoto kabla haujafika mbali. Siutamani wote, kwani balozi alikuwa pia jicho la chama, na si kila aliyepelekewa habari za jirani alizitumia vizuri. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa chama, na kazi ile ya kusikiliza haikukabidhiwa kwa mtu mwingine wa karibu namna ile. Mtaa wenye maelfu ya watu na mwenyekiti mmoja hauwezi kuziba pengo la ngazi moja yenye milango kumi na sita. Kwenye maghorofa yaliyouzwa, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inawapa wamiliki chama chenye uwezo wa kuweka kanuni na kukusanya michango. Sisi wapangaji tuna kamati ya hiari tu, ambayo mkorofi anaweza kuicheka.

Wanaotaka mkono wa chuma hupenda kuitaja Uingereza, nami nakubali kwamba ni mfano mzuri, ingawa kwa sababu nyingine. Sheria ya mwaka 1998 ilileta amri za mahakama dhidi ya watu wasumbufu, ambazo mtoto wa miaka kumi aliweza kuwekewa, na mtu mzima aliyeivunja aliweza kufungwa hadi miaka mitano hata kama tendo lenyewe halikuwa jinai. Kufikia mwaka 2006 utafiti wa bodi inayoshughulikia haki za vijana huko ulikuwa umeonyesha kwamba karibu nusu ya vijana waliowekewa amri hizo walizivunja, na baadhi yao walizionea fahari. Amri hizo zilifutwa kwa sheria ya mwaka 2014. Ninachokiona cha kuigwa kimo ndani ya sheria hiyo ya pili: mkazi ambaye amelalamika mara tatu katika miezi sita bila kupata nafuu anaweza kudai kwamba halmashauri, polisi na mwenye nyumba wakae pamoja na kulipitia suala lake. Kuwakalisha meza moja wote wanaosukumiana lalamiko hakuhitaji fedha nyingi, na hapa kwetu ningeanza na hilo kabla ya faini yoyote.

Katika jengo letu tumejaribu yale yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tuna daftari ambamo kila lalamiko huandikwa pamoja na tarehe na jina la mjumbe aliyelipokea, na mjumbe huyo ndiye anayepaswa kumrudishia mlalamikaji jibu. Anayelalamikiwa huendewa na watu wawili, mmoja wao mama mtu mzima, mchana, wala si usiku ule ule damu ikiwa inachemka. Kwa kero za mazoea njia hii imetosha mara nyingi kuliko nilivyodhani. Taa za ngazi nazo zimesaidia: kundi lililokuwa likikaa gizani lilipungua baada ya kila mzazi kuweza kuona mwanawe yumo au hayumo. Kwa wale wenye kusudi hatujafika mbali, na sababu yake ni moja.

Nyumba kadhaa za wasumbufu hao hazikaliwi na aliyesaini mkataba. Mpangaji wa asili, anayelipa kodi ndogo ya umma, ameipangisha kwa mwingine kwa bei ya mtaani na yeye anaishi kwingine, kwa hiyo kifungu cha mkataba hakimfikii anayepiga muziki, na onyo la mwenye nyumba hupelekwa kwa mtu ambaye usiku ule alikuwa amelala Kibaha. Kumtoa mpangaji wa namna hiyo nisingepinga. Ninapositasita ni pale familia nzima inapotakiwa kutolewa kwa kosa la kijana mmoja. Baada ya ghasia za Agosti 2011 halmashauri ya Wandsworth, London, ilimpa mama mmoja notisi ya kuhama kwa sababu mwanawe alikuwa ameshtakiwa. Wadogo zake kijana kama huyo wangehamia wapi, na kero ingepungua au ingehama nao? Kwa anayeuza dawa za kulevya mlangoni au anayewajeruhi watu jibu langu ni polisi na mahakama, naye mwenyewe ahukumiwe, si mama yake.

Kwa hiyo barua tuliyomwandikia mwenye nyumba haikuomba mtu yeyote afukuzwe. Tumeomba uhakiki wa mlango kwa mlango ili ijulikane nani anaishi wapi, jina na namba ya simu ya ofisa mmoja anayehusika na jengo letu vibandikwe chini ya kila ngazi, na kikao cha pamoja na serikali ya mtaa na polisi kata kila baada ya miezi mitatu. Tumejibiwa kwamba barua imepokelewa. Nakala tumeipeleka kwa afisa mtendaji wa mtaa, na katika daftari letu nayo imeandikwa kama lalamiko, yenye tarehe na jina la mjumbe anayelifuatilia.