Mkono wa Cecilia

Jana binti yangu aliikuta ile kadi yenye picha ya mwanamke aliyempakata mnyama mweupe ndani ya kitabu nilichoacha kukisoma siku nyingi. Akaisogeza karibu na pua. "Mama, mbona hamwangalii mnyama wake?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi Kraków, Poland, nimesimama na marehemu mama mbele ya picha yenyewe, kile kibao cha mti wa mjozi ambacho urefu wake haufiki hata sentimita 56. Leonardo da Vinci alimchora Cecilia Gallerani mnamo 1490, binti wa miaka 16 hivi, mpenzi wa Ludovico Sforza aliyeitawala Milan.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza mama kwamba mnyama yule ni jamii ya kicheche, manyoya yake hugeuka meupe wakati wa baridi, na wahenga wa Ulaya waliamini yuko radhi kufa kuliko kuchafuka. Kwa hiyo ni alama ya usafi. Halafu Ludovico alitunukiwa nishani ya mnyama huyo na mfalme wa Napoli mwaka 1488, hivyo huenda aliyepakatwa pale ni bwana mwenyewe. Tena Kigiriki chake, galē, kimo ndani ya jina Gallerani.

"Usafi?" mama akacheka. "Sisi tukimwita mwanamke kicheche..." Hakumalizia.

Akainama mpaka mlinzi akakohoa. Alikuwa anautazama mkono. Mkono mkubwa kuliko uso ule mdogo ulivyostahili, vidole virefu, vyembamba, vimekunjika kidogo juu ya bega la mnyama. Chini yake kucha zimetua kwenye mkono mwekundu wa gauni, na mguu mmoja wa mbele umeinuliwa.

"Huu haubembelezi," akasema taratibu. Mama alifuga maisha yake yote. "Mnyama akiinua mguu hivyo anataka kushuka. Unamzuia."

Akanyamaza. Kisha: "Na wote wawili wanamtazama nani?"

Upande ule hakuna aliyechorwa. Januari 1491 Ludovico alimwoa Beatrice d'Este. Mei mwaka huohuo Cecilia akamzalia mtoto wa kiume. Tarehe hizo nilikuwa nazo kichwani toka zamani. Pale ndipo zilipouma.

"Mama?" binti yangu akaniita.

"Wamesikia mtu anaingia," nikamwambia.

"Mtu mzuri au mbaya?"

Nikaichukua kadi, nikaanza kuitazama upya, kuanzia kwenye mkono.