Nilivyoendelea na Utafiti wa Historia Baada ya Kustaafu

Kinachokatika mapema mhadhiri akistaafu ni barua pepe ya chuo, na pamoja nayo akaunti za majarida na mawasiliano na wahariri. Nilihamishia kila akaunti kwenye barua pepe yangu binafsi nikiwa bado kazini, nikianza na ORCID, namba ya utambulisho yenye tarakimu 16 ambayo mtafiti hubaki nayo hata akibadili taasisi. Kadi ya maktaba nayo iombwe mapema. Uliza wazi kama inaruhusu kusoma majarida ukiwa nyumbani, maana kadi nyingine ni za kuingilia jengoni tu.

Kwenye shehena ya utafiti, nilitanguliza kaseti za mahojiano. Karatasi ikikaa pakavu husubiri. Kanda ya sumaku huharibika hata isipoguswa. Zilizotangulia ni C120, yaani kaseti za dakika 120, kwa kuwa kanda yake ni nyembamba mno, karibu mikroni 9 (elfu moja za milimita) dhidi ya 18 za C60, ya dakika 60, hivyo huvutika na kunasa kwenye rola kwa urahisi. Kabla ya kucheza kaseti yoyote nakagua kile kipande kidogo cha sponji kinachoikandamiza kanda kwenye hedi, sehemu ya mashine inayosoma sauti. Kikibanduka, sauti hufifia na kukatika. Hedi husafishwa kwa pamba na spiriti, ikaachwa ikauke kabisa.

Sauti ikitoka nzito, usikimbilie programu za kusafisha. Mara nyingi hedi ya mashine yako haijakaa kwa pembe sawa na ya ile iliyorekodi. Geuza skrubu ya hedi ya mashine yako kidogo kidogo hadi "s" isikike kali. Narekodi kwenye kompyuta kwa WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa, kwa ubora wa 96 kHz na biti 24; saa moja ya chaneli mbili hula takriban GB 2. Faili hilo halihaririwi. Natoa nakala ya MP3 ya kusikilizia, na faili lenyewe linakaa katika nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba.

Kunukuu saa moja ya maongezi neno kwa neno kunaweza kula saa nne hadi nane. Kwa hiyo naandika kwanza faharasa ya dakika: nani anasema, mada gani, majina gani ya mahali. Nanukuu kikamilifu sehemu nitakazozitumia tu. Msimulizi aliyeomba jina lake lifichwe, ombi hilo linaandikwa kwenye faharasa yenyewe, lisije likapotea kaseti ikienda kwa mtu mwingine.

Kwa nyaraka za hifadhi, picha ya kwanza ni ya jalada lenye namba yake, ndipo kurasa zifuate. Ukurasa usiojulikana umetoka jalada gani hauwezi kuingia kwenye tanbihi, hata uwe na ushahidi mzito kiasi gani. Pini na klipu za chuma natoa kwa sababu hushika kutu na kula karatasi, lakini mpangilio wa makaratasi siubadilishi: barua iliyobanwa pamoja na jibu lake inaonyesha nani alimjibu nani.