Breki kwanza, kiti baadaye

Wateja wengi wanaonijia hapa Busia, upande wa Uganda, huanza na kiti. Kinauma, kinazunguka, kimeinama. Mimi huanza kwa kushika breki, na leo nataka kueleza sababu.

Baiskeli ninazotengeneza zaidi ni zile kubwa nyeusi za inchi 28, zenye breki za fito, yaani za vyuma vyembamba badala ya waya. Ukibana mkono, fito inavuta raba juu na raba zinabana rimu kwa upande wa ndani. Ni breki imara, spana na koleo vinatosha kuitengeneza. Lakini raba huisha, hasa kwa wachuuzi wanaobeba magunia kwenye keria wakitoa mukene (dagaa) Majanji, kule ziwani Victoria. Zikiisha, wengi hawanunui nyingine. Wanashusha kiti mpaka mwisho ili nyayo zifike chini, na kuanzia hapo miguu ndiyo breki. Wengine hukanyaga tairi kwa kisigino cha ndala. Nawaona watu wazima, wenye watoto nyumbani, wakiteremka hivyo na lori la kontena likiwafuata, na roho yangu haitulii.

Kwa hiyo nikiona kiti kimeshushwa mno, nakagua raba kabla sijauliza lolote.

Mama mmoja anayeuza ndizi aliniletea baiskeli kwa sababu ya maumivu ya magoti. Nilipogusa nati ya kiti akanizuia: "Mwanangu, kiache hapo hapo. Nikisimama ghafla nitaanguka."

"Sawa mama. Niachie breki kwanza, halafu utaamua mwenyewe."

Nilianza kwa kuinua gurudumu na kulizungusha. Rimu ikiyumba, spoki zinyooshwe kwanza, maana hakuna breki itakayokaa sawa juu ya rimu iliyopinda: raba itagusa upande huu na kuachia ule. Yake ilihitaji kukazwa spoki chache tu. Nikaweka raba mpya, nikalegeza nati inayobana fito, nikaivuta mpaka raba zikabaki kama milimita 3 kutoka kwenye rimu, nikakaza. Mkono wa breki usifike kwenye usukani hata ukiubana kwa nguvu zote. Kisha majaribio, ambayo yeyote anaweza kuyafanya nyumbani: bana breki ya mbele uisukume baiskeli mbele, gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kuinuka. Bana ya nyuma peke yake usukume tena, gurudumu liburuzike bila kuzunguka.

Ndipo tukaja kwenye kiti. Alishika ukuta, akakaa, akaweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Chake kilikuwa chini sana, kila mzunguko goti linakunjwa mno na uzito unabana mbele yake. Alikubali nipandishe upana wa vidole viwili. Nikamwonyesha pia namna ya kusimama: bana breki, teleza mbele utoke kwenye kiti, weka mguu mmoja chini. Aliporudi siku nyingine, aliomba mwenyewe kiti kipandishwe zaidi.

Ukipandisha kiti, usivuke alama ya kikomo iliyochorwa kwenye bomba lake. Kama imefutika, hakikisha angalau upana wa vidole vinne vya bomba umebaki ndani ya fremu. Na pua ya kiti isielekee juu wala chini.

Mnaobeba mizigo, tafadhali sikilizeni hili. Baiskeli tupu husimamishwa zaidi na breki ya mbele, kwa kuwa uzito unakimbilia mbele. Lakini gunia likiwa nyuma linakusukuma, na kwenye changarawe gurudumu la mbele likibanwa ghafla linateleza. Tumia zote mbili, anza mapema, bana polepole. Mvua ikinyesha ni hatari zaidi, rimu ya chuma ikilowa raba hushika vibaya sana. Gusagusa breki kabla ya mteremko ili raba zifute maji.

Raba mpya zikishatumika siku chache hukaa sawa, na ile nafasi kati ya raba na rimu huongezeka. Rudi kwangu, au kwa fundi yeyote aliye karibu, fito ivutwe tena kidogo.