Pipa la yaya

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinikuta Katuba, mtaa wa Lubumbashi huko Kongo, kwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa. Nyuma ya nyumba alikuwa ametega pipa la chuma chini ya bati, likinge maji, maana bomba la mtaa wao hukaa hata juma zima bila tone. Hatua tatu kutoka hapo, mke wake alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, kwenye mbabula, jiko la makaa. Nikanusa kabichi iliyooza. Lakini sufuria ya mboga ilikuwa ya sombe, majani ya muhogo.

"Yaya, hili pipa umelitoa wapi?"

"Sokoni. Walisema lilikuwa la sabuni."

Nililimulika kwa simu. Kwenye mkunjo wa chini kulikuwa na vipande vya njano, kama tambi zilizokatwakatwa. Zantati, dawa ya kunasia shaba. Miaka sita nilishinda nayo kwenye kiwanda cha kuelesha shaba, yaani kuipandisha juu ya maji kwa povu.

Hawakumdanganya kabisa, maana ina tabia za kisabuni. Kichwa chake cha salfa hung'ang'ania shaba, mkia wake wa kaboni hukimbia maji. Jiwe likishasagwa kuwa tope, unatia gramu makumi tu kwa tani, unapuliza hewa, na punje za shaba zinadandia viputo hadi juu kwenye povu. Malakiti, lile jiwe letu la kijani, ndilo lenye maringo: halipandi mpaka kwanza livishwe salfa. Mkemia Zeise wa Denmark aliitengeneza zantati miaka ya 1820, lakini migodi ilingoja Keller apate hataza ya kuitumia kuelesha madini, Marekani mwaka 1925. Karne nzima dawa iko, kazi haina!

Ubaya wake ni unyevu. Hutengenezwa kwa alkoholi, magadi makali na kaboni disulfidi, na ikilowa huanza kuirudisha hiyo kaboni disulfidi. Kaboni disulfidi inachemka kwa nyuzi 46 tu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama nyoka, na kwenye nyuzi 90 na kitu unawaka wenyewe bila cheche. Kiwandani tulikatazwa hata bomba lenye joto karibu na ghala. Hapa kulikuwa na makala mekundu. Anayeuvuta mvuke huo siku kwa siku huharibika mishipa ya fahamu, ganzi ikianzia miguuni na mikononi.

Nilibeba mbabula kwanza, maneno baadaye. Shemeji alidhani nimerukwa na akili.

Kumwaga yale maji mtaroni sikukubali, kwani zantati huua samaki. Tulilifunga pipa, tukalikodia gari siku ya pili hadi kiwanda kimoja kinachoitumia. Mlinzi alikataa kulipokea. Tulikaa getini hadi saa tisa, ndipo akatoka mtu wa usalama, akalitazama, akauliza limefikaje sokoni. Nikamwambia hilo swali ni lake.

Yaya nimemnunulia bidoni nne za plastiki zilizokuwa za mafuta ya kupikia. Anasema ni ndogo, na bado ananidai pipa lake.