Kutoka Yiwu hadi Guangzhou, Miguu Ndani ya Boksi

Kondakta hakuniuliza tiketi. Alinipa mfuko wa rambo, akaninyooshea kidole kwenye viatu. Mabasi ya vitanda ya China ulikuwa unavua viatu mlangoni, unavifunga kwenye rambo na kupanda navyo mkononi, kama mtu anayeingia msikitini asiyewaamini waumini wenzake. Mamdogo alikuwa ameshajilaza kitanda cha chini, dirishani, anakunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake.

"Panda mwanangu, unaziba njia."

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba 2013. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa kujifunza Kichina mjini Jinhua. Yeye ana duka la viatu Kariakoo na alikuwa amemaliza siku nne kwenye soko la Futian, pale Yiwu. Aliniomba nimsindikize Guangzhou ili nimtafsirie. Tiketi za treni zilikuwa zimekwisha kwa sababu ya yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Na hata zingepatikana, mabegi yake manne ya sampuli yangepita wapi?

Ndani kulikuwa na safu tatu za vitanda, juu na chini, na vijia viwili ambavyo mtu mnene alipita kwa ubavu. Miguu ulikuwa unaitumbukiza kwenye boksi lililo chini ya kichwa cha mwenzako wa mbele. Urefu nimeurithi kwa baba, Msukuma, na aliyetengeneza boksi lile hakuwahi kumwona Msukuma. Magoti yangu yalikaa hewani njia nzima. Harufu ya soksi, tambi za moto na mbegu za alizeti sitaieleza zaidi ya hapo.

Mabasi haya yalikuwa yanaelekea kufa. Julai 2011 moja liliungua mkoani Henan kwa kemikali zilizopakiwa kinyume cha sheria, wakafa watu 41, na mwaka uliofuata serikali ikasimamisha utengenezaji wa mapya. Nilikuwa nayajua hayo na sikumwambia mamdogo. Ikatungwa pia kanuni ya mabasi ya masafa marefu kupumzika kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo saa nane kamili, mahali fulani mkoani Jiangxi, injini ilizimwa. Kimya kilichofuata ndicho kilichoniamsha.

Kulipokaribia kucha mamdogo alishuka na chupa ya maji, akatawadha kando ya tairi, akatandika kanga. Kibla huko ni magharibi. Mzee mmoja wa Kichina aliyekuwa anavuta sigara akasogea mbali kidogo na kuificha sigara yake mgongoni mpaka mama wa watu alipotoa salamu. Kisha akamletea yai lililochemshwa kwenye chai. Hawakuzungumza neno, na mimi mtafsiri sikuhitajika.

Tuliingia Guangzhou saa nne asubuhi, Ijumaa. Nilijiandaa kuongoza: nina ramani, nina Kichina. Mamdogo alishaita teksi kwa mkono na kumwonyesha dereva kikaratasi kilichochakaa chenye anwani. Mtaa wa Xiaobei, wanakofikia wafanyabiashara wa Kiafrika, anaujua kama Msimbazi. Pale chini ya daraja la waenda kwa miguu palikuwa na wabadilisha fedha, Wauyghur (Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China) wanachoma mishikaki, akina mama wa Mali na Kongo wanavuta mabegi, na kijana wa Kichina mlangoni mwa duka akapiga kelele, "Mama, karibu, bei poa!"

Mchana tulisali kwenye msikiti ambao wafanyabiashara wetu wanauita wa Sahaba, kwa kuwa hapo lipo kaburi ambalo Waislamu wa China wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Vitabu vinasema alizikwa Madina, lakini sikuona haja ya kubishana siku ile. Watu walijaa mpaka nje, chini ya miti.

Aibu yangu ilikuja Jumamosi, soko la viatu. Muuzaji alitaka yuan 38 kwa jozi, mamdogo akaandika 22 kwenye kalkuleta. Nikaingia na Kichina changu safi cha darasani. Yule dada akanisifu, kisha akamgeukia mwenzake na wakaanza kuongea Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou. Sikuambulia hata neno. Nikatabasamu kama anayeelewa.

"Wanasemaje?"

"Sijui, mamdogo."

"Mimi najua. Wanasema huyu bibi kachoka, atakubali tu."

Akachukua mkoba wake, akaondoka bila haraka. Hatukufika kwenye ngazi. Yule dada alitukimbilia na kalkuleta mkononi: 26. Mamdogo akataka jozi mia tatu, na kila boksi lifunguliwe mbele yake, kwa sababu safari moja aliwahi kuletewa Dar boksi za miguu ya kushoto mitupu. Kazi yangu ikawa kuhesabu.

Jioni nilimlazimisha kupanda kivuko kwenye Mto Zhujiang. Alilalamika kwamba hakuja China kupanda pantoni, pantoni iko Kigamboni. Ila ule mnara wa mita 600 ulipotokea, umebanwa katikati, taa zikigeuka nyekundu, kijani, zambarau, alinyamaza. Nikamwambia wenyeji wanauita "kiuno chembamba". Hapo angalau Kichina changu kilifaa.

Akautazama kwa muda mrefu, kichwa kakiinamisha pembeni.

"Na shanga kavaa," akasema, akacheka mpaka akajishika kwenye bomba, na abiria wawili waliosimama karibu nasi wakacheka pia bila kujua wanachekea nini.