Mstari wa Kwenda Moshi

Mwezi Julai wa mwaka wangu wa mwisho wa mafunzo ya ufundi wa vyombo vya ndege, nilipewa ruhusa ya kuketi kiti cha kushoto katika helikopta iliyokuwa ikitoka Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo, kwenda kutua kwenye kiwanja cha nyasi pembezoni mwa Moshi. Nilikuwa nimekwisha kushiriki kuingiza hifadhidata ya njia za anga, ambayo huhuishwa kila baada ya siku 28, lakini sikuwa nimewahi kuuona mfumo wa kusimamia safari, yaani kompyuta inayotunza mpango wa njia, ukiongoza chombo angani.

Kiwanja kile hakikuwamo katika hifadhidata, hivyo Kapteni alilazimika kukiandika kwa latitudo na longitudo. "Tazama umbali, mwanangu, jina halitoshi," aliniambia. Skrini ilionyesha maili 42 za baharini, mwelekeo wa mashariki. Kisha, kwa makusudi na kabla ya kuuthibitisha mpango, akabadili herufi moja tu, kusini ikawa kaskazini. Papo hapo umbali ukapita maili 400 na nukta yetu ya kufikia ikahamia Kenya, karibu na North Horr. Mfumo haukulalamika, kwa kuwa kwake ile ilikuwa safari halali kama nyingine yoyote. Ndiyo maana kila badiliko hukaa kwanza kama rasimu, mstari mweupe wa vidoti, mpaka rubani akubali. Alirudisha herufi, akanitaka nisome kwa sauti mwelekeo na urefu wa njia, ndipo akabonyeza kitufe cha kukubali.

Tulipopita Usa River, mwongoza ndege wa KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, alitutaka tupite kusini mwa uwanja wake. Kapteni akapachika nukta mpya juu ya Mirerani, na chini yake kwenye orodha likatokea pengo: mfumo uliijua Mirerani na uliijua Moshi, lakini haukuthubutu kukisia kwamba moja inafuata nyingine. Niliupenda uangalifu huo, na bado naupenda. Kapteni aliziunganisha, akasoma tena, akakubali.

Tulikuwa tukienda noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa. Karibu kilomita moja kabla ya kufika Mirerani, helikopta ililala kushoto yenyewe. Kapteni alinieleza kwamba kwa kasi ile, tukigeuka digrii 3 kila sekunde, nusu kipenyo cha mzunguko wetu hufikia kilomita 1.2 hivi, na mfumo huanza kugeuka mapema ili chombo kiibukie juu ya mstari mpya badala ya kuuvuka na kuanza kuutafuta. Zipo nukta ambazo ni lazima zipitiwe juu kabisa kabla ya kugeuka, nazo huwekewa alama. Hii haikuwa mojawapo.

Kwenye mstari wa pili, wa kutoka Mirerani kwenda Moshi, upepo wa kusini-mashariki ulitupiga ubavuni. Pua ilielekea kulia kwa digrii kadhaa, ilhali kipimo cha kuachana na njia kilisoma karibu na sufuri. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo darasani lilikuwa hesabu tu. Kama mfumo ungeielekeza pua kwenye nukta, upepo ungetusukuma pembeni na tungefika Moshi kwa kuchora upinde mrefu. Badala yake hupima tuko mbali kiasi gani na mstari, na mwendo wetu halisi juu ya ardhi umeachana na mstari huo kwa pembe gani, kisha humpa otopailoti, mtambo unaosogeza usukani badala ya rubani, amri moja: lala upande huu, kwa digrii hizi. Fimbo ya usukani iliyokuwa katikati ya magoti yangu ilisogea bila kuguswa, kwa kiasi kisichofika upana wa kidole, ikarudi, ikasogea tena. Sikuacha kuitazama mpaka tulipoanza kushuka.

Kiwanja kilipoonekana kando ya migomba, hapakuwa na kipande kingine cha njia cha kufuata. Kapteni aliutenga mfumo na usukani, akashika fimbo kwa mkono. "Sasa ni macho," alisema, kwa sababu nyaya za umeme zilizopita upande wa mashariki hazikuwamo kwenye mpango, wala mbuzi waliokuwa wakila nyasi. Alizunguka mara moja mpaka mchungaji alipowaswaga pembeni, akatua upande wa magharibi.